Usiuze Kihamba Kabla Hujapimwa Macho

Wiki mbili zilizopita dada yangu alinipigia simu kutoka Marangu. Akaanza na ndizi, akaja kwenye mvua, akapita kwa ng'ombe aliyezaa, nikajua kuna jambo, maana dada hana kawaida ya kuzunguka. Mwishowe akalitoa. Kijana wake wa mwisho amemaliza kidato cha sita, anataka urubani, na shemeji ameshapata mteja wa kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo. "Wewe mjomba wake ndiye uliyemwambukiza," akasema. "Haya, tuambie tunaanzia wapi."

Nikamwambia waanzie kwa daktari. Akadhani namtania.

Simtanii. Nimerusha ndege miaka 12. Minane ya kwanza nilikuwa hapa Arusha, kiwanja cha Kisongo, nikipeleka watalii Serengeti kwa Cessna Caravan. Minne hii ya mwisho niko kwenye shirika la abiria, kituo changu Dar, mke na watoto wamebaki Njiro. Pale Kisongo tulikuwa na kijana mpakia mizigo ambaye ukoo mzima ulimchangia akasomee urubani. Ada ikalipwa, viza ya Afrika Kusini ikapatikana, begi likafungwa. Wiki ya kwanza huko akapelekwa kupimwa. Daktari akamfungulia kitabu chenye kurasa za madoadoa ya rangi, akamuuliza anaona namba gani. Hakuona namba, aliona madoadoa. Miaka yote ile hakujua kwamba nyekundu yake na kijani chake si sawa na za wenzake, na angejuaje? Mgomba ni mgomba.

Kwa hiyo daktari kwanza, na si yeyote tu. Awe anayetambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na umwombe kipimo cha daraja la kwanza, kile cha rubani wa kulipwa, hata kama chuo kitakwambia la pili linatosha kuanzia. Macho, masikio, moyo, damu, mkojo. Miwani peke yake si kikwazo, hofu hiyo iache. Na huyo daktari mtazoeana: cheti kinadumu miezi 12, na ukishavuka 40 huku unarusha abiria peke yako, kinashuka hadi miezi 6. Kila mwaka unaingia mle chumbani na riziki yako mkononi. Wenzangu wengi nimewaona wakianza kukimbia asubuhi barabara ya Njiro mwezi mmoja kabla ya kipimo. Nami nimo.

Masomo sitayazungumzia sana, vyuo vina watu wa kuwaeleza. Kwa viwango vya kimataifa leseni ya binafsi inaanzia saa 40 za kuruka, ya biashara saa 200, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa moja kwa moja, na ile ya juu ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ni saa 1,500. Ambalo dada hakulijua ni pengo lililopo katikati. Kutoka 200 kwenda 1,500 hakuna chuo kinachokubeba, unajitafutia. Nimewaona vijana wenye leseni mfukoni wakikaa mapokezi ya kampuni za ndege, wakibandika lebo kwenye mabegi mwaka mzima, wakisubiri kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kiwe wazi. Ukiuza kihamba, bakiza hela ya kula mwaka huo.

Kazi yenyewe sasa. Mwezi wangu wa kwanza ratiba ilisema 0300. Ratiba zetu zinaandikwa kwa saa ya dunia, tunayoiita Zulu, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwa hiyo 0300 ya karatasi ni 6:00 ya simu, na kwa mama yangu ni saa kumi na mbili asubuhi. Dakika moja, majina matatu. Usiku huo nimechoka, nikamwambia kijana wa bodaboda anifuate saa tatu. Alifika saa tatu kamili, jua limeshawaka, amebeba na koti la mvua la akiba kwa ajili yangu. Watu wa ofisini walikuwa wamenipigia mara 14. Tangu siku hiyo ratiba naiandika upya kwa mkono, kwa Kiswahili, na kuibandika kwenye friji.

Julai, Kisongo ina baridi ya kuuma masikio na Mlima Meru umejifunika mpaka kiunoni. Kabla abiria hawajamaliza chai yao wewe unaizunguka ndege. Unachota mafuta kidogo kutoka chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki kinachoona, unakiinua kwenye mwanga. Maji yakiwemo hukaa chini kama shanga. Unatoa vifuniko vya vile vijibomba vinavyopima mwendo na kuchungulia ndani, kwa sababu ya nyigu wanaojenga kwa udongo. Usicheke. Mwaka 1996 ndege ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, watu wote 189 wakafa. Ilikuwa imekaa siku kadhaa bila kuruka, vijibomba havikufunikwa, na wachunguzi walishuku nyigu. Kipimo cha kapteni kilikuwa kikisoma mwendo wa uongo.

Lakini nikiulizwa ni kitu gani hasa kinachomfanya mtu awe rubani, sisemi hesabu wala ujasiri. Nasema mdomo. Uwezo wa kumwambia mtu anayekulipa mshahara: hapana, siruki.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwezi wangu wa pili kazini, saa nane mchana, kiwanja cha vumbi huko porini, wageni wanarudi Arusha. Karatasi ilisema kilo 15 kwa kila begi. Mabegi mawili ya wapiga picha, ukiyainua, mkono ulikuwa unabisha. Mzani haukuwepo. Nikasema tuyaache yaje na ndege ya kesho. Kiongozi wao akasema rubani wa juzi alibeba bila maneno. Ofisi ikaja kwenye simu: ni wageni wakubwa, tafadhali kapteni. Lile neno kapteni likaniingia vibaya. Nikapakia.

Hewa ya moto ni nyepesi, na huku kwetu juu tayari ni nyepesi. Kisongo peke yake iko takriban futi 4,550 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, ndege inahisi kana kwamba iko zaidi ya futi 7,000: bawa linashika kidogo, injini inavuta kidogo, barabara inakuwa fupi bila kukatwa. Pale porini ilikuwa hivyo hivyo, na upepo ulikuwa umegeuka nyuma yetu wakati sisi tunabishana. Nilifungua mafuta yote. Ndege ikakimbia, ikakimbia. Mwisho wa kiwanja kuna mgunga wenye viota vya mnana, na nakumbuka niliona kiota kimoja kimechanika, majani yananing'inia. Kiota ukikiona namna hiyo ujue uko karibu sana. Tulipita. Nyuma wageni walipiga makofi, wakadhani ni sehemu ya safari.

Arusha tukayapima mabegi. Mawili tu yalifika kilo 61. Nilikaa siku tatu nikijiambia yamepita. Ya nne nikaandika taarifa, nikiwa na uhakika nafukuzwa. Hawakunifukuza. Walinunua mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia kahawa kwenye chama cha ushirika, wakaweka mmoja kwa kila ndege. Kampuni nyingine isingefanya hivyo, na hilo nalo kijana alijue kabla hajasaini mkataba: ulizia marubani wao, si ofisi yao, nini kilimpata aliyekataa kuruka mara ya mwisho.

Shirika la abiria ni kazi nyingine kidogo. Mko wawili mbele, kila kifaa anachogusa mmoja, mwingine anakitaja kwa sauti, na maongezi ya mpira au siasa hayaruhusiwi mpaka mmevuka futi 10,000. Mashirika mengi hayataki hata mle chakula kimoja, kikiwa kibovu kisiwaangushe wote. Kila miezi 6 mnaingizwa kwenye simuleta, mashine inayoigiza ndege, injini inazimwa sekunde ile ile ya kuinuka, na mtu aliyekaa nyuma yako anaandika. Hakuna ukongwe pale. Nimemwona kapteni wa miaka 20 akitoka shati limelowa.

Uchovu ndio usiosemwa. Siku ya safari nne, unaoruka ni muda mdogo, uliobaki unakaa tu, na kukaa kunachosha kuliko kuruka. Kisha Desemba. Ndege za kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro, zimejaa Wachaga wanaokwenda kula Krismasi, mabegi, vicheko, mwingine ananipungia: "Kapteni, tutaonana Marangu!" Nawashusha, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kule inang'aa, nyumbani ni mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Dakika 35 baadaye narudi Dar. Mwaka juzi nilipata sikukuu moja. Kwenye harusi mzee akaninyooshea kata la mbege, pombe yetu ya ndizi, nikakataa, kwa sababu zamu yangu ilikuwa alfajiri. Sheria za nchi nyingi zinataka angalau saa 8 kati ya pombe na kuruka, mimi nahesabu siku nzima. Mzee akasema mtoto wa fulani siku hizi anajisikia.

Mpwa wangu alikuja Arusha Ijumaa. Asubuhi nikampeleka Kisongo, tukasimama nje ya uzio kuangalia Caravan zikipasha injini. Akaniuliza mshahara, nikamjibu. Akauliza kama huwa naogopa, nikamwonyesha kwa kidole rubani mmoja aliyekuwa amepiga magoti chini ya bawa, kikombe kimeinuliwa kwenye jua. Ana miadi na daktari Jumanne. Dada naye ameshamwambia shemeji yule mteja asubiri.