Usiguse lib ya Tomcat, mimi nimeshalipia huo ujinga

Hiyo JAR, kifurushi cha klasi (vipande vya programu ya Java), usiinakili kwenye lib, folda ya maktaba za Tomcat, seva inayoendesha programu zako. Kama umeshainakili, itoe. Salamu baadaye.

Nimesoma swali lako nikiwa kwenye foleni ya rolex (chapati ya mayai) hapa Wandegeya, Kampala, nikasahau hata kumwambia kijana asiweke kitunguu. Umeandika kwamba kurasa zako za JSP (kurasa za wavuti zenye Java ndani) zinafanya kazi vizuri kwenye laptopu, ila ukizipeleka kwenye seva ya ofisi unakutana na 500 (hitilafu ya seva) na maneno haya: java.lang.ClassNotFoundException: com.mysql.cj.jdbc.Driver, yaani draiva ya kuunganisha na hifadhidata ya MySQL haikuonekana. Umeuliza kama tatizo ni CLASSPATH (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi), na kama uhamie Tomcat 10. Akaja bwana wa kwanza kukujibu: "Nakili JAR zote utupe kwenye lib ya Tomcat, imeisha hiyo." Na wewe ukamshukuru! Ukasema utaifanya kesho asubuhi, halafu ukataja kwa kupitia tu kwamba kwenye seva hiyo kuna programu nyingine mbili za ofisi.

Hapo kwenye "programu nyingine mbili" ndipo roho iliponiruka.

Mimi niliambiwa hivyohivyo. Nilikuwa na wateja wawili wa mfumo wa karo, shule moja Mukono, nyingine Jinja. Seva moja, Tomcat moja, WAR mbili (WAR ni faili moja lenye programu nzima ya wavuti). Kodi ni ileile, na hapa nasema kodi ya programu, si ile ya URA, mamlaka ya mapato. Tofauti ilikuwa jina la shule na hifadhidata tu. Siku moja nikabadilisha jinsi ya kutengeneza WAR, nikapata eror kama yako, draiva haionekani. Kulikuwa na jamaa mmoja tuliyemwita Injinia, vyeti vyake vimejaa ukuta mzima, kaniangalia kwa huruma, kachukua chai yake ya elfu hamsini, kasema: tupa kwenye lib ya Tomcat. Nikatupa. Kurasa zikafunguka. Nilimwona kama mtume.

Angeishia hapo ningepona. Akachungulia tena folda zangu akaona malipo.jar, maktaba niliyoiandika mwenyewe, imo ndani ya kila WAR. "Kwa nini unapika matoke yaleyale kwenye sufuria mbili? Weka moja kwenye lib, programu zote zile hapo." Ikaniingia akilini. Nikaifuta kwenye WEB-INF/lib (folda ya maktaba ndani ya WAR) za WAR zote mbili, nikabakiza ile ya Tomcat, nikaiwasha upya. Hakuna eror hata moja. Logi safi kama kanzu ya Idi.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinatokea chini kwa chini. Tomcat humpa kila mpangaji, yaani kila programu, kipakiaji chake cha klasi. Klasi moja ikipakiwa na vipakiaji viwili, kwa Java hizo ni klasi mbili tofauti, na kila moja ina vigezo vyake vya static, yaani thamani moja kwa klasi nzima. Ndiyo maana shule zangu mbili zilikuwa zimeishi jirani kwa miaka miwili bila ugomvi. Lakini klasi iliyomo kwenye lib ya Tomcat hupakiwa na kipakiaji cha pamoja, mara moja tu, na programu zote zinaitumia hiyohiyo moja. Ndani ya malipo.jar nilikuwa na klasi Unganisho, na ndani yake static String url, anwani ya hifadhidata. Mukono ilipoanza iliandika anwani yake. Sekunde chache baadaye Jinja ikaanza, ikaandika ya kwake juu yake.

Kuanzia dakika hiyo, kila karo iliyolipwa Mukono iliandikwa Jinja.

Na hakuna kilicholia. Kuingia kwenye mfumo kulipitia orodha ya watumiaji ya Tomcat yenyewe, kwa hiyo hata nywila haikugoma. Fomu yangu ilitaka namba ya mwanafunzi na kiasi tu, na risiti ilitoa namba bila jina kwa sababu nilikuwa nabana karatasi. Mhasibu anaandika 214, anaandika 650,000, risiti inatoka, mama anaikunja vizuri anaitia kwenye kanga anaondoka. Namba 214 ipo Mukono, na ipo Jinja pia. Mtoto wa Jinja mwenye namba hiyo alikuwa anadaiwa. Ghafla hadaiwi tena. Nina hakika baba yake alitoa sadaka. Jinja hakuna aliyepiga simu, na nani atalalamika deni likipungua?

Aliyegundua ni mhasibu wa Mukono, wiki ya pili ya muhula, alipochapisha orodha ya wadaiwa ili iende getini. Akanipigia, sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, hawa watoto ni wa nani?" Kurasa tatu za majina ya Kisoga tupu, ya watu wa upande wa Jinja. Hakuna hata mmoja aliyemjua.

Tulikaa naye usiku tatu, yeye na mwenzake wa Jinja, na masanduku mawili ya stakabadhi za benki, tukilinganisha karatasi moja baada ya nyingine. Usiku wa pili umeme ukakatika, tukaendelea kwa tochi za simu. Mukono walinifukuza. Jinja walingoja muhula uishe, wakaniaga kwa soda na keki, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Injinia nilimpigia. Unajua alisema nini? "Wewe hukuniambia una shule mbili." Ssebo! Aliziona zote mbili kwa macho yake, ndiye aliyesema niunganishe sufuria! Mpaka leo ule ukuta wa vyeti nikiupita nageuza uso.

Najua kuna mtu atakuja kuniambia static ile ilikuwa takataka. Ilikuwa takataka, nakubali. Lakini ilikuwa kwenye ndoo yake miaka miwili bila kumnukia mtu, mpaka tulipoihamishia sebuleni.

Kwa hiyo wewe: JAR ya programu ikae ndani ya WAR, kwenye WEB-INF/lib, na iwe pale peke yake. Eror yako inasema tu kwamba haimo. Kama umeiongeza tu kwenye "build path" ya Eclipse, programu ya kuandikia kodi, hiyo haitoshi, maana Eclipse ikiijua haimaanishi kwamba inaipakia kwenye WAR. Usibishane nami, angalia mwenyewe:

jar tf ofisi.war | grep -i mysql

Ikirudi tupu, basi haimo. Iweke kwenye WEB-INF/lib ya mradi, tengeneza WAR upya, toa amri ileile tena, uone mstari kama WEB-INF/lib/mysql-connector-j-8.0.33.jar. Kama unatumia Maven, zana ya kujengea mradi, fungua pom.xml utazame kama draiva imeandikwa scope (wigo) ya provided au test, maana zote mbili haziingii kwenye WAR. Wengi hunakili hiyo provided kutoka kwenye servlet-api, ambayo ni kweli inatakiwa iwe provided kwa sababu Tomcat anayo ya kwake.

CLASSPATH achana nayo kabisa. Ile uliyoiandika kwenye mazingira ya mfumo, skripti ya kuwashia Tomcat inaifuta kabla haijaanza. Unaweza kuijaza mpaka kesho kutwa.

Na ukifuata ushauri wa yule bwana, hutaishia kwenye JAR moja. Programu inaweza kuona klasi za lib, ila klasi za lib haziwezi kuona ndani ya WEB-INF. Utapandisha maktaba moja juu, itatafuta mwenzake aliyebaki chini, utapata NoClassDefFoundError, utampandisha na huyo, kisha na binamu yake, mpaka ukoo mzima uko juu. Ukisahau nakala moja chini ndipo utakapoona ClassCastException inayosema Risiti haiwezi kugeuzwa kuwa Risiti, udhani kompyuta imelewa. Haijalewa. Ni Risiti mbili, za vipakiaji viwili. Mimi niliyaona yote hayo wiki ile ya kurudisha mambo, na nilichekea chooni nisionekane.

Mbishi atasema draiva inaruhusiwa kukaa kwenye lib. Ndiyo, pale unapomwachia Tomcat mwenyewe afungue viunganisho, umeandika Resource kwenye context.xml na unaomba DataSource (chanzo cha viunganisho) kwa JNDI, orodha ya majina ya seva. Hapo Tomcat ndiye mwenye kuitumia, kwa hiyo lazima aione. Wewe umeandika Class.forName, yaani unaipakia draiva mwenyewe, ndani ya JSP, nimeona. Hiyo siyo hali yako. Na hata ingekuwa, ni draiva tu inayopanda, si kila kitu.

Tomcat 10 usihamie kwa ajili ya hili. Tangu toleo hilo majina ya javax.servlet yamekuwa jakarta.servlet, kodi yako ya zamani itakosa klasi mpya kumi badala ya moja. Baki kwenye 9 kwanza.

Toa ile amri ya jar tf, na hii nyingine pia, nione kama kuna mtu alishawahi kutupa kitu kwenye seva hiyo kabla yako:

find $CATALINA_HOME -name "*mysql*.jar"

Bandika majibu hapa usiku huu. Na hizo programu nyingine mbili za ofisi, ni za nini? Usiniambie ni za mishahara.