Historia kama somo la pili: usiichukue ili upumzike

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, simu yangu haikosi mdogo wa mtu anayetaka ushauri. Safari hii ni binti wa jirani yetu wa zamani pale Kirumba, Mwanza. Kachaguliwa kusoma Uchumi, anatakiwa aongeze somo la pili, na kaka zake wamemwambia abebe Historia kwa sababu "haina hesabu, ni kusoma tu." Nilicheka. Na mimi nilidanganywa kwa maneno hayohayo.

Nilitoka kidato cha sita na HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, kwa hiyo Historia nilijiona naijua. Uchumi ndio ulikuwa wa kukesha, kalkulasi na takwimu. Historia ningeimaliza kwa madesa, zile notisi za kukariri. Muhula wa kwanza nikanunua rundo lake steshenari, yamepigwa kopi ya kopi mpaka herufi zimefifia, nikakariri. Insha ya kwanza ilihusu kufutwa kwa vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Nikaandika kama niko kwenye mtihani wa NECTA: utangulizi, sababu sita, hitimisho. Nikapata 9 kati ya 20. Pembeni ya kila sababu mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili, tena kwa Kiswahili wakati insha yenyewe ilikuwa ya Kiingereza: *Nani kasema?*

Nikamfuata ofisini, nimeshajiaminisha kuwa nimeonewa. Aliniacha niseme nimalize, kisha akauliza, "Kwenu wapi?" Magu. "Wanalima nini?" Pamba. "Una watu wa kuuliza nyumbani, halafu unaniletea desa?"

Likizo ilipofika nikaenda kwa babu, mdogo wake babu mzaa baba. Siku ya kwanza niliharibu. Nilikaa naye chini ya mwembe, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikamuuliza "changamoto za ushirika" ni zipi. Alinijibu kama anavyomjibu ofisa aliyekuja na gari la Serikali: ushirika ni umoja, umoja ni nguvu. Dakika arobaini nzima. Kesho yake simu niliiacha ndani, nikamuuliza kama ana karatasi yoyote ya zamani ya pamba. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na stakabadhi zimekunjwa mara nne, kilo zimeandikwa kwa wino wa bluu, na moja aliikunjua akaigonga kwa kidole: "Hii hapa waliita fifi. Pamba yangu haikuwa fifi." Fifi ni pamba ya daraja la chini.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Alieleza walivyopunjwa kwenye mizani na wanunuzi wa miaka ya hamsini, mpaka wakulima wakaweka watu wao wa kupima. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lile la 1955 lililoongozwa na Paul Bomani, kwake halikuwa mada ya mtihani. Lilikuwa mizani ambayo hatimaye mtu aliweza kuiamini. Halafu, akasema, mizani ikabaki salama ila hela ikaanza kuchelewa. Anauza pamba mwezi wa saba, anaambiwa asubiri, na hela inapokuja ng'ombe aliyemlenga ameshapanda bei. "Chama kilitufia mikononi kabla Serikali haijakizika," alisema.

Darasani kwenye Uchumi tulikuwa tunafundishwa kwamba shilingi ya leo na ya mwakani si shilingi moja. Mlinganyo wake niliujua. Sikuwa nimewahi kumwona mtu aliyeumizwa nao. Nilirudi chuoni nikasoma vitabu upya, safari hii nikikimbilia kurasa zilizotangulia 1976, na kweli nikakuta kwamba kamati maalumu ya kuchunguza malalamiko dhidi ya vyama iliundwa mwaka 1966. Madesa yangu yalikuwa yameruka miaka kumi.

Kwa hiyo nilimwambia binti yule hivi: kozi za Historia zichague zikiwa zimepakana na somo lako kuu. Ukisoma Uchumi, tafuta historia ya kilimo, biashara, kazi, reli. Mimi muhula wa pili nilichukua kozi moja ya Ulaya kwa sababu tu kipindi chake kilikuwa saa nne asubuhi, na leo sikumbuki hata ukurasa. Pia pima muda wako. Hesabu zinakuchosha kwa usiku mmoja wa mazoezi. Historia inakudai kurasa kila wiki, kwa Kiingereza, na ukilala wiki tatu hulipi deni hilo hata ukeshe. Kama somo kuu linayumba na unaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, usitegemee Historia ikubebe GPA. Halafu kaulize idarani, kabla tarehe ya kubadilisha kozi haijapita, somo la pili linaandikwaje kwenye matokeo yako. Mimi niliuliza nikiwa mwaka wa tatu, ikawa ni habari ya kusikitikia tu.

Ukienda kuuliza wazee, omba kitu badala ya maoni. Stakabadhi, jembe la kukokotwa na ng'ombe, picha ya harusi. Na omba ruhusa kabla ya kurekodi, jambo ambalo mimi sikulifanya ile siku ya kwanza, na nadhani ndiyo maana nilihutubiwa.

Kuhusu ajira sitakudanganya. Mama, ambaye alitusomesha kwa dagaa wa Mwaloni, aliniuliza Historia itanipa nini, na kwenye usaili wa kazi hakuna aliyeitaja. Niliajiriwa kwa sababu ya Uchumi. Sasa nashughulikia mikopo ya wakulima, na mara kwa mara tunakutana na mzee anayekataa kabisa kujiunga na AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, ya kijijini kwake. Wenzangu huandika kwenye fomu "anahitaji elimu ya ushirika." Mimi huvuta kiti, nikamuuliza pamba yake ya mwisho aliuza mwaka gani, na ni kiasi gani hakulipwa. Wengi wanakumbuka mpaka senti.