Fungate Zanzibar kwa bajeti ndogo, ukitokea Moshi

Hongera kwa ndoa, kaka. Umeuliza mtapata wapi chumba kizuri Unguja kwa siku nne bila kumaliza akiba yote. Inawezekana kabisa.

Usilipie mtandaoni kwanza. Bei zile za dola zimewekewa wageni. Tafuta namba ya hoteli, piga, sema ninyi ni Watanzania mna vitambulisho, uliza bei ya mkazi. Kisha bana hapa: ni bei ya chumba au ya kila mtu? Chai ya asubuhi na kodi zimo? Wengi huumia kwenye hilo la "kila mtu", wakifika bili imekuwa mara mbili.

Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki, zina nyumba za wageni nafuu, hasa zile za mstari wa pili, hatua chache kutoka ufukweni. Ila pwani ile maji hupwa mbali mno. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, saa nne asubuhi mnakuta mchanga mtupu na akina mama kwenye mashamba ya mwani. Mkitaka kuogelea muda wote, nendeni Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, japo ni ghali kidogo.

Aprili na Mei bei hushuka sana, lakini ni masika, na baadhi ya hoteli hufunga. Novemba mvua za vuli ni nyepesi zaidi, ningechagua huo. Bebeni cheti cha ndoa, baadhi ya nyumba za wageni hukiulizia.