Maswali ya Wasomaji: Rekodi 21 Zisizojulikana Zilikotoka

SWALI: Mpendwa mhariri, nimekabidhiwa data za utafiti wa afya ya jamii zilizoingizwa kwenye kompyuta mwaka 1996 kwa kutumia Epi Info 6, programu ya zamani ya kuingiza na kuchambua data za afya. Faili zake zinaishia kwa .REC, .QES na .CHK, na programu mpya ya takwimu tunayoitumia haizitambui hata moja. Mwenzangu alibadilisha .REC kuwa .CSV, lahajedwali ikafunguka ikiwa na vurugu tupu. Baadaye alipata programu ndogo ya kugeuza faili, nayo ikatupa rekodi 861, ilhali daftari letu linaonyesha kwamba hojaji zilikuwa 840. Tuamini hesabu ipi, na faili hizi zifunguliwe vipi?
Mtunza data

JIBU: Ndugu mtunza data, katika barua yako nimeshughulishwa zaidi na hizo rekodi 21 zilizozidi. Faili inayokataa kufunguka haimdanganyi mtu, lakini iliyofunguka na kasoro zake huweza kupenya hadi kwenye ripoti bila yeyote kushtuka. Kwa sasa liaminini daftari, na nadhani ninajua ziada hiyo ilikotoka. Katika Epi Info 6, mwingizaji data alipofuta rekodi, rekodi hiyo haikuondoka kwenye faili; iliwekewa alama tu, na programu ikawa inairuka wakati wa uchambuzi. Programu ya kugeuza isiyoijua alama hiyo huzoa rekodi zote, halali na zilizofutwa, na kuzipanga pamoja kana kwamba hakuna aliyewahi kuzikataa.

Alama yenyewe unaweza kuiona kwa macho. Toa nakala ya faili ya .REC, kisha uifungue nakala hiyo, si faili asilia, kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad. Mstari wa kwanza unaanza na idadi ya sehemu za hojaji. Chini yake yapo maelezo ya kila sehemu, halafu ndipo zinapoanza data. Rekodi ndefu hukatwa katika mistari kadhaa inayoishia kwa alama ya mshangao. Angalia mwisho wa mstari wa mwisho wa kila rekodi: ukikuta alama ya kuuliza mahali pa alama ya mshangao, rekodi hiyo ilifutwa. Zihesabu. Zikifika 21, jambo limekwisha. Zikipungua, tafuta namba za hojaji zinazojirudia, kwa kuwa hojaji moja kuingizwa mara mbili ni kosa la kawaida pale waingizaji wanapogawana marundo ya karatasi.

Ukiwa hapo hapo utaona pia kwa nini ujanja wa mwenzako haukufaa (wala asilaumiwe sana, wengi wetu tumewahi kuujaribu). Kubadilisha herufi za mwisho wa jina hakubadilishi kilichomo. Faili ya .CSV hutenganisha sehemu kwa mkato, lakini .REC huipa kila sehemu idadi maalumu ya nafasi na kuziunganisha bila kitenganishi chochote. Ukikuta 047342, huenda hiyo ni hojaji namba 0473 ya mtu mwenye umri wa miaka 42, na kinachokuambia mahali pa kukata ni yale maelezo ya juu peke yake.

Kwa kazi yenyewe ningependekeza EpiData Entry, programu ya bure iliyotengenezwa Denmark, ambayo inasoma .REC moja kwa moja na kuzitoa data katika miundo inayosomwa na programu za takwimu za leo. Anayetumia R, programu ya takwimu inayoendeshwa kwa kuandika amri, ana njia fupi zaidi: kifurushi chake cha nyongeza kiitwacho foreign kina amri ya read.epiinfo, ambayo huziacha rekodi zilizofutwa isipokuwa umeiagiza izisome. Zisome kwa njia zote mbili, pamoja na zilizofutwa na bila hizo, na ulinganishe idadi. Ukitaka kuiona hojaji kama waingizaji walivyoiona, Epi Info 6 ni programu ya MS-DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, na haiendeshwi na Windows ya biti 64, hivyo utahitaji DOSBox, programu inayoiga mfumo huo.

Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee. Programu za wakati huo ziliruhusu mwaka wa tarakimu mbili, na Epi Info iliruhusu hata tarehe ya siku na mwezi bila mwaka wowote. Ukiipeleka tarehe ya kuzaliwa ya 12/03/25 kwenye Excel, kwa mipangilio yake ya kawaida itausoma mwaka huo kuwa 2025, kwa sababu huchukua 00 hadi 29 kuwa miaka ya 2000. Hivyo bibi aliyekuwa na umri wa miaka 71 siku ya mahojiano anageuka kuwa mtoto ambaye siku hiyo alikuwa bado hajazaliwa. Excel ikiachwa ijiamulie, itaondoa pia sifuri ya mbele katika 0473, na hapo namba haitalingana tena na iliyoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo usiifungue .CSV kwa kuibofya mara mbili. Iingize kwa hatua, ukiamuru safu ya namba za hojaji na ya tarehe zichukuliwe kama maandishi.

Faili za .QES na .CHK zisitupwe hata kama programu mpya haizihitaji. Ya kwanza ina sura ya hojaji pamoja na maneno ya maswali. Ya pili ina masharti ya uingizaji, yaani majibu yaliyoruhusiwa na maswali yaliyorukwa. Zote mbili zinasomeka kwa Notepad. Ukikutana na safu iliyojaa nafasi tupu, .CHK ndiyo itakayokuonyesha kama swali lile lilirukwa kwa makusudi, kwa mfano mtu aliyejibu kwamba hana watoto asiulizwe umri wa mtoto wa mwisho, au kama mwingizaji alilisahau.