Tindo ya kujitengenezea: nondo achana nayo, tafuta springi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujitengenezea tindo ya kuchimbia njia za mabomba ya umeme kwenye ukuta wa tofali za saruji, na kama kipande cha nondo kilichobaki saiti kitafaa. Kutengeneza unaweza, ila nondo hapana.

Nilianza na nondo ya milimita 16 wakati namalizia nyumba Tabata. Niliinoa ikang'aa, nikachimba kama nusu mita, ncha ikajikunja. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, hata uipashe iwe nyekundu na kuizamisha majini haikomai vya kutosha. Mhunzi mmoja mzee pale Gerezani ndiye aliyenifungua macho kwa grenda tu: nondo ilitoa cheche ndefu zilizonyooka, springi ya gari ikatoa cheche zinazopasuka kama fataki. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ndiyo ununue."

Nikachukua springi ya gari dogo, ile ya kujiviringisha, kwa wauza vyuma chakavu. Tanuri langu ni rimu kuukuu iliyojaa mkaa, feni ndogo inapuliza kwa chini. Fuawe, yaani pa kupondea chuma cha moto, ni kichwa cha nyundo kubwa nilichokizamisha kwenye gogo. (Ukiletewa kipande cha reli, kikatae hata kiwe rahisi vipi. Huenda kimeng'olewa kwenye njia ya treni, na kuna abiria juu ya ile njia.)

Kosa la pili ndilo linaloniuma mpaka leo. Tindo ya springi niliizamisha ikiwa nyekundu kwenye maji baridi, nikaenda nayo moja kwa moja ukutani. Pigo la tatu ncha ikakatika, kipande kikapita karibu na jicho la mwanangu aliyekuwa amenishikia ndoo. Tangu siku hiyo kwangu hasogei mtu bila miwani.

Sasa nafanya kivulini, maana jua la Dar linaficha rangi ya moto. Pasha ncha tu, kama sentimita 5, mpaka sumaku isiishike, hapo imefika karibu nyuzijoto 770. Ongeza moto kidogo, kisha izamishe wima kwenye mafuta ya kupikia ndani ya chombo cha chuma, nje ya nyumba, mfuniko ukiwa karibu kwa sababu mafuta yanaweza kushika moto. Tupa ikiteleza juu yake bila kuuma, imekomaa, ila bado inavunjika kama kioo. Ing'arishe kwa msasa, uipashe taratibu kutokea nyuma ya ncha huku ukiangalia rangi zikitembea kuelekea kwenye makali: njano, kahawia, zambarau, bluu. Zambarau ikifika kwenye makali, poza hapo hapo. Patasi ya mbao mimi naishia kwenye njano.

Kichwa kinachopigwa nyundo usikikomaze, na kikianza kuchanua kama uyoga kisage. Bomba au bati lenye zinki lisiingie motoni kabisa, moshi wake unaleta homa.

Ukipata springi, weka hapa picha ya cheche zake kabla hujawasha mkaa, tuziangalie pamoja.