Kwani barabara ni mchele?

Mmeuliza wiki hii kila msomaji ataje barabara moja tu iliyoachwa njiani ambayo angependa ikamilike kabla hajafa. Sasa hapo kwenye "kabla hajafa" mmenigusa, manake wala sijifikirii mimi, namfikiria bibi yangu yuko Liwale, mkoa wa Lindi, ana miaka themanini na ushee, na barabara ninayotaka kuitaja alianza kuisubiri mimi sijazaliwa.

Naitaja Nangurukuru–Liwale. Kwa wasiojua huko, ukitoka Dar unashuka kusini, Kibiti, unavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, Somanga, halafu unafika njia panda ya Nangurukuru. Kushoto ni Kilwa Masoko kwa wenye hamu ya magofu, mbele ni Lindi na Mtwara, kulia ndo kwetu. Ukikata kulia tu lami umeiaga, unaanza kilomita kama 230 ambazo kiangazi ni vumbi la kukubadilisha rangi ya nywele na masika ni tope, na katikati hapo kuna pori ambalo ukiharibikiwa gari usiku unafunga vioo unakaa kimya.

Najua kuna mtu atasema hiyo siyo barabara isiyokamilika, hiyo haijaanza kabisa. Ndo ugomvi wangu wenyewe huo. Kwenye makaratasi ilishaanza zamani! Sisi watu wa Liwale neno la kitaalamu tulilolijua mapema kuliko yote ni "upembuzi yakinifu", yaani kuchunguza kama barabara inafaa kujengwa, hata mtoto wa darasa la tatu anakutamkia bila kukwama, halafu linafuata "usanifu wa kina", halafu "kwa kiwango cha lami", halafu lile la mwisho linalofunga mazungumzo, "kadiri fedha zitakapopatikana". Bibi siku moja kasikia redioni upembuzi unaendelea akaniuliza hivi hawa wanapembua nini miaka yote hii, kwani barabara ni mchele? Na kama wamepembua muda wote huo mbona hatujaona hata chenga. Nilikosa jibu, na mpaka leo sina.

Mara yangu ya mwisho kupita huko mvua zimekolea ilikuwa mwezi wa tatu, nilikuwa nawahi msiba. Konda alituapia barabara inapitika, gari la jana limefika. Tumetoka kijiji cha Njinjo vizuri tu, mbele kidogo tukakuta Fuso mbili zimelala kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi, ukikauka ni jiwe na ukilowa ni sabuni, semi ya tatu imejaribu kuzipita pembeni nayo ikanasa, basi njia ikawa imezibwa kama chupa. Tukashuka wote. Wanaume wakakunja suruali, utingo wakaanza kukata matawi ya kuweka chini ya tairi, akina mama wakatafuta kivuli, na ndani ya saa moja hivi sijui walitokea wapi wakaja watu wa kijijini na mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi. Halafu akaja mwenye trekta. Huyu mwenye trekta ni mtu muhimu sana katika habari hii, bei yake haipungui na wala hana haraka, anakuvuta mmoja mmoja kwa zamu, na nikimwangalia usoni niliona kabisa huyu bwana lami ikija leo yeye kesho ana njaa. Tulilala pale. Marehemu walimzika bila mimi.

Nawaambia haya siyo kwa kulalamika tu, ni kwa sababu watu wa Dar kuna kipindi walionja kidogo wakadhani ni maajabu. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipokata madaraja ya barabara kuu ya Lindi huku Kilwa, nchi nzima ilishtuka, habari kila saa, waziri akaweka kambi pale pale, magari yakapanga foleni na wengine wakazunguka Songea na Tunduru kufika Mtwara. Na ilikuwa sawa kushtuka. Ila sisi wa kulia mwa Nangurukuru tulikuwa tunaangaliana tu, manake kwetu hiyo ndo inaitwa masika. Januari 2020 mto Matandu ulipojaa ukafunika Njinjo watu wakapanda juu ya miti na mapaa, siyo hadithi.

Na hii dharau ya kusema "kipande kidogo tu kimebaki" naifahamu vizuri. Wakubwa zangu wanaikumbuka Ndundu–Somanga. Zamani Rufiji ilikuwa ya kuvuka kwa pantoni, daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, karibu kilomita nzima ya daraja, la kifahari kweli, watu wakapiga vigelegele. Ukishuka darajani unakuta nini? Kilomita 60 za tope! Sitini tu, na zilikaa hivyo miaka na miaka baada ya daraja, mtu anatoka Mtwara lami, anafika hapo analala, anaamka anasukuma, anaingia Dar suti imekuwa ya mfinyanzi. Siku kipande kile kilipokwisha ndo kusini ikawa karibu na Dar. Kwa hiyo mtu akiniambia barabara imekamilika asilimia tisini namuuliza hiyo kumi iko wapi kwanza, manake ikiwa bondeni basi bado haijakamilika hata moja.

Na kusini tuna rekodi nyingine ya ajabu ambayo sidhani kama wengi wanaijua, sisi tuliwahi kuwa na reli halafu ikang'olewa. Waingereza na ule mradi wao wa karanga wa mwaka 1947 walijenga reli toka Mtwara kwenda Nachingwea, karanga zikagoma kuota walivyotaka, mradi ukafa 1951, na miaka ya sitini mwanzoni reli nayo ikaonekana haina faida wakaing'oa mataruma na vyuma vyote. Kwa hiyo ukituona wagumu kushangilia jiwe la msingi tuvumilieni.

Sasa nilikuwa nimeshamaliza kuandika jibu langu mpaka hapo, nikamsomea shemeji yangu, ana miaka mingi kwenye kazi za wakandarasi, anapima udongo. Akacheka akasema umechagua kwa moyo. Akaniambia barabara ya Liwale inayostahili kuisha kwanza siyo yako, ni ile ya Nachingwea, kama kilomita 130, na hiyo ndo hasa imeachwa njiani. Akanikumbusha Juni 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya barabara saba kwa mpigo, jumla kilomita 2,035, kwa ule utaratibu wa EPC+F, kwamba mkandarasi anatafuta hela mwenyewe anajenga halafu serikali inamlipa taratibu. Masasi–Nachingwea–Liwale kilomita 175 ilikuwa humo. Naikumbuka ile siku, kijiweni kwetu kuna mtu alinunua soda za watu wote. Soda tumekunywa na chupa tumerudisha, ila toka Nachingwea kuja Liwale mguu wangu bado haujakanyaga hiyo lami.

Tukabishana. Nikamwambia Nangurukuru ndo njia ya Dar, ndo njia ya watu, ukipita Nachingwea unazunguka mbali. Akasema sawa, watu wako wanaenda Dar mara ngapi kwa mwaka? Mara moja, mbili? Korosho inaenda wapi? Nikanyamaza. Korosho inaenda bandari ya Mtwara. Ufuta na mbaazi zinauzwa mnadani kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, chama kimoja, wakulima wale wale, korosho ile ile, lakini mnunuzi akitaja bei yake mnadani anakuwa ameshapiga hesabu ghala liko wapi na Fuso litatoka vipi. Ile tofauti ya shilingi kwenye kilo kati ya ghala la karibu na ghala la Liwale ndo tope lenyewe hilo, tumelikatwa tayari, ila hakuna risiti inayosema "makato ya tope". Ruangwa wenzetu wameipata lami ya kutoka Nanganga na tunawapongeza kabisa, ila chama kimoja huku mmoja anatembea na kiatu na mwingine pekupeku.

Halafu akanimaliza kabisa, akaniuliza mama yako mdogo alipopewa rufaa alipelekwa wapi. Hospitali ya Ndanda. Na Ndanda unapita Nachingwea. Hakupita Nangurukuru.

Basi nabadilisha jibu langu, mniandikie Nachingwea–Liwale. Inaniuma kidogo manake ile nyingine ndo iliyonilea, ila mmesema moja. Na nina ombi moja la kijinga ambalo shemeji kalikataa, mi naona ujenzi ungeanzia Liwale kuja nje. Barabara zetu zote zinaanzia kwenye njia kuu, hela inakata katikati, na anayekosa ni yule yule wa mwisho kila siku. Shemeji anasema haiwezekani, kokoto, saruji na lami vinatoka nje, unajenga huku unapita juu ya ulichojenga, ukianzia ndani utabeba mzigo wote juu ya tope lile lile ulilokuja kuliondoa. Kitaalamu kanishinda. Lakini akakubali kitu kimoja, kwamba unaweza kuanza na mabonde na vilima, weka makalvati, weka madaraja, nyanyua tuta kwenye ule udongo mweusi, mwaga kifusi cha maana, na hiyo lami nyeusi ikaja baadaye. Sehemu korofi ni chache tu na kila dereva anazijua kwa majina, kuna moja wanaiita Kwa Mkwe kwa sababu ukifika lazima upunguze heshima zote uinamie. Mi ningeridhika na hilo. Barabara ikipitika mwezi wa tatu hiyo kwangu imekamilika, hata kama ni nyekundu.

Nirudi kwa bibi nimalizie. Nyumba yake iko pembeni ya hiyo barabara ya Nangurukuru, na miaka mingi nyuma walipita wapimaji wakaichora X. Mnajua habari ya X, ya kijani unalipwa fidia, nyekundu hulipwi, manake sheria ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara toka mita 22.5 mpaka 30 kila upande, waliokutwa na barabara na walioifuata hawafanani. Ya bibi ilikuwa ya kijani, sasa imepauka kwa jua hadi huwezi kuapa ni rangi gani. Toka siku hiyo hajagusa nyumba. Paa linavuja, anahamisha kitanda kona hii kona ile kufuata pasipovuja, ukimwambia tuezeke anasema nitaezeka vipi nyumba inayobomolewa, barabara inakuja. Kwa hiyo barabara ambayo haipo imeshamchukulia paa.

Mwaka huu nilimkalisha chini nikamwambia bibi, ezeka. Ikija wakabomoe, bati tutang'oa tutaenda nazo. Akafikiria siku mbili akakubali, akachagua na rangi, anataka za bluu. Nimenunua hapa Dar geji 28, nimelipia na usafiri, wiki ya tatu sasa ziko Nangurukuru kwa mtu, mwenye Fuso anasema haingii kule mpaka jua liwake siku nne mfululizo.