Prosija ya Kanzidata Ni Sehemu ya Mradi Wako

Nilipopewa kazi ya kutengeneza mfumo wa malipo ya wakulima wa alizeti hapa Dodoma, nilikuta hesabu zote za makato zimekwisha kuandikwa kama prosija, yaani kundi la amri lililohifadhiwa kwa jina ndani ya kanzidata, hapa MySQL, nami nilitakiwa kuiita tu kutoka Laravel, kiunzi cha PHP cha kutengenezea tovuti. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, nikaunganisha jina la kijiji moja kwa moja kwenye amri. Vijiji vya kwanza vilikwenda vizuri, hadi karani alipofika Ng'hambi, Mpwapwa, ambapo ile ritifaa (alama ya ') iliyomo ndani ya jina ilifunga maneno kabla ya wakati na amri nzima ikakataliwa. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kupitia upenyo huohuo kuingiza amri zake. Kwa hiyo tumia alama za kuulizia, ukiacha thamani zipelekwe kando:

DB::select('CALL hesabu_malipo(?, ?)', [$kijiji, $msimu]);

Lililoniumiza zaidi lilitokea tulipohamia seva mpya katikati ya ununuzi. Majedwali yalikuwepo, data ilikuwa kamili, hata vichochezi vya majedwali (amri zinazojiendesha data inapobadilika) vilikuja, lakini malipo yalipoanza mfumo ulidai kwamba prosija haipo, huku wakulima wakiwa wamekaa kwenye magunia yao wakisubiri. Sababu ni kwamba mysqldump, programu tuliyotumia kunakili kanzidata, usipoiambia, haibebi prosija. Ni lazima uongeze --routines.

Tangu siku hiyo siiachi prosija iishi kwenye kanzidata peke yake. Naiandika katika faili la maigresheni, yaani faili la Laravel linalobeba mabadiliko ya kanzidata, ikitanguliwa na DROP PROCEDURE IF EXISTS inayofuta ya zamani kama ipo, na kuitekeleza kwa DB::unprepared, ili kila badiliko la kanuni ya makato lionekane kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, pamoja na msimbo unaoitegemea. Usinakili humo neno DELIMITER ulilolizoea kwenye dirisha la mysql: hiyo ni amri ya programu ile ya mteja, seva yenyewe haiifahamu na itakurudishia kosa la sintaksia.

Wanaotumia PostgreSQL, kanzidata nyingine, wakumbuke kwamba CALL ilikuja na toleo la 11, mwaka 2018. Kabla ya hapo kulikuwa na funksheni tu, zinazoitwa kwa SELECT.

Mtumiaji wa kanzidata anayetumiwa na tovuti mpe ruhusa ya EXECUTE kwa prosija anazozihitaji, kisha jaribu kuziita kwa akaunti hiyohiyo, si kwa root, akaunti kuu yenye ruhusa zote, kabla ya siku ya malipo.